Redio Unayo, Unasikia Mvumo Tu? Mwongozo Kamili wa Kufunga Antena ya Waya ya Mita 40 Hapa Dar

Kisa ni kile kile: mtu kanunua redio ya HF (masafa mafupi), au kile kifaa cha SDR cha kuchomeka kwenye laptop ikawa redio, kachomeka kipande cha waya, kakaa mpaka usiku wa manane anasikia shhhhhh tu, kesho yake anatangaza redio mbovu anauza. Redio haina shida jamani. Mara nyingi shida ni antena, na antena ikishakaa sawa kinachobaki ni kelele za umeme, tena za nyumbani kwako mwenyewe.

Hapa tunajenga antena moja tu, dipoli ya nusu wimbi (waya wa mikono miwili, kebo inaingia katikati) ya bendi ya mita 40, yaani frikwensi za kati ya 7.000 na 7.200 megahezi kwa upande wetu wa dunia. Unajenga kwa vitu vya maduka ya umeme Kariakoo, hamna cha kuagiza nje zaidi ya redio yenyewe.

Mawili ya kuweka sawa kabla hatujagusa waya.

La kwanza, kusikiliza ni kitu kimoja na kurusha ni kitu kingine. Kurusha bila leseni ya TCRA ni kosa, hata kama ni "alo alo" mara moja tu. Ila karibu mwongozo huu wote unaumaliza bila kubonyeza kitufe cha kurusha, na ndivyo nnavyoshauri ufanye.

La pili, kama ulichonacho ni Baofeng UV-5R, hii antena haikuhusu. Ile ni ya VHF na UHF kwa FM, ya kuongea mtaa na mtaa. Hata uifunge juu ya mnara haitakusikilizisha 7 megahezi maana haifiki huko kabisa. Watu wengi sana wanaanguka hapa, muuzaji kamwambia "inafika mbali hii".

## Vitu vya kuandaa

Andaa vyote kwanza, usianze kukata waya huku konekta bado iko dukani.

- Waya wa umeme wa wiring, ule wa single wa shaba, 1.5 au 2.5, mita 22. Maduka mengine wanataka uchukue roli nzima, tafuta wanaokata kwa mita. Kwangua ncha kwa kisu: ikiwa nyekundu mpaka ndani ni shaba, ikiwa nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa rangi ya shaba, achana nayo, hailehemeki vizuri na upepo wa bahari unaila.
- Kebo ya koaksia RG-58 ya ohm 50. Pima kutoka antena itakapokaa mpaka mezani, ongeza mita 5 za koili (nitaeleza chini). Kama unasikiliza tu na huna mpango wa kurusha karibuni, ile kebo ya dishi la king'amuzi inakutosha kabisa, usipoteze hela.
- Konekta inayoingia kwenye redio yako. Redio kubwa ni PL-259, vile vidogo vya SDR ni SMA. Angalia kabla ya kununua.
- Kipande cha bomba la PVC la inchi 4, urefu wa sentimita 40 hivi, na vipande vitatu vidogo vya bomba la nusu inchi, kila kimoja kama kidole.
- Kamba ya nailoni isiyooza, mita 30.
- Mshipi wa kuvulia na kipande cha risasi cha wavuvi, pamoja na manati.
- Pasi ya kulehemu na risasi yake, tepu ya umeme, tepu ya raba ile inayojishika yenyewe, na klipu za plastiki za kufungia nyaya.
- Tepu ya kupimia, ya mita 5 inatosha.
- NanoVNA (kipimo kidogo cha antena) au mita ya SWR, namba inayoonyesha antena inarudisha nguvu kiasi gani, ikikaribia 1 ndo bora. Kwa kusikiliza tu unaweza kuishi bila, kwa kurusha lazima. Azima kama hujajipanga.
- Betri ya volti 12. Hii watu wanairuka na ndo inayotuonyesha mchawi, utaona hatua ya 1.

Na redio yenyewe iwe na SSB, modi ya sauti wanayoongelea maamateur, yaani wapenzi wa redio wenye leseni ya kurusha. Kiredio cha masafa mafupi kisicho na SSB utasikia vituo vya matangazo tu, maamateur wakiongea utasikia bata anayezama. Za mkononi zenye SSB zipo, mfano Tecsun PL-330, na kwenye laptop RTL-SDR toleo la V4 linashuka mpaka HF bila kuongezewa kitu.

## Hatua ya 1: Kamata kelele za nyumba yako

Usianze na antena. Anza na hii.

Chukua redio, iendeshe kwa betri, kama ni SDR tumia laptop isiyo kwenye chaji. Weka waya wowote wa mita 3 au 4 uning'inie dirishani. Nenda 7.100, modi ya LSB (SSB ya upande wa chini), sikiliza ukubwa wa mvumo, tazama na sindano ya S, ile ya nguvu ya mawimbi, kama redio inayo. Andika.

Sasa zima mein switchi ya nyumba nzima. Waambie watu kwanza, usimkate mtu katikati ya mechi.

Kama mvumo umeanguka ghafla mpaka unasikia kabisa tofauti, adui yuko ndani. Washa tena, halafu zima breka moja moja, baadae chomoa kifaa kimoja kimoja. Wanaokamatwa mara kwa mara ni taa za LED za bei chee, chaja za simu zisizo na jina, inveta, kontrola ya sola na ile adapta ya king'amuzi. Chaja moja mbovu inaweza kufunika bendi nzima.

Kama umezima kila kitu na mvumo haujashuka hata kidogo, kelele inatoka nje. Inaweza kuwa kwa jirani, inaweza kuwa nguzo. Kipindi cha jua kali vumbi na chumvi vinajikusanya kwenye vikombe vya nyaya za umeme mkubwa, umeme unachechemea juu yake na redioni inasikika krrrrr isiyokatika, ikinyesha mvua ya nguvu vikaoshwa inapungua. Hiyo huwezi kuizima, unaikimbia kwa kuweka antena mbali na nguzo. Kelele ya tik-tik-tik inayokuja na kupita ni bodaboda tu, mvumilie apite.

Umefanikiwa ukiwa na orodha ya vitu vya kuchomoa kila unapotaka kusikiliza. Kwa nyumba nyingi za mjini hatua hii peke yake inaleta mabadiliko kuliko kununua redio mpya ya bei mbaya.

## Hatua ya 2: Chagua pa kufunga, na usihangaike na urefu wa kwenda juu

Hapa nitakaa kidogo.

Watu wanajua antena lazima iwe juu sana, wakiangalia uwanja wao wa Mbagala au Kimara hauna mnara wanakata tamaa. Kweli, ukitaka kuongea na Brazil antena juu ndo mpango. Ila dipoli ya mita 40 ikiwa mita 5 mpaka 8 tu kutoka chini inarusha na kupokea zaidi kuelekea juu kabisa, utosini. Mawimbi yanapanda, yanagonga tabaka la ioni kule juu, yanarudi chini kama mvua ndani ya duara la kilomita mia chache kuzunguka ulipo. Hayajali kilima, hayajali jengo, hamna sehemu ya katikati inayorukwa.

Duara hilo kwa mtu wa Dar ni Zanzibar, Tanga, Morogoro, Mafia, Rufiji, mpaka Dodoma siku ikiwa nzuri. Bila mnara, bila bando, bila kebo ya baharini.

Mei 2024 tulipata somo lote ndani ya wiki mbili. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kikaingia nchi kavu Mafia. Tarehe 12 kebo za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa ya kubahatisha, watu wanasubiri meseji ya WhatsApp itoke tiki moja. Sasa fikiria kituo kimoja Kilindoni kule Mafia na kimoja Dar, kila kimoja kina waya wa mita 20, betri ya gari na redio ya wati 20. Hawa wanaongea. Hawamtegemei mtu yeyote wa katikati. Tsunami ya Desemba 2004 ilimkuta mama mmoja wa Kihindi, Bharathi Prasad, ishara yake ya wito (jina lake la hewani) VU2RBI, yuko Port Blair kule visiwa vya Andaman na wenzake wamefunga kituo cha maamateur kwa ajili ya kujifurahisha tu, simu za visiwani zikafa na kile kituo cha kujifurahisha kikageuka njia ya kupeleka habari za watu bara. Kimbunga Maria kilipoisambaratisha Puerto Rico mwaka 2017, Msalaba Mwekundu wa Marekani uliomba maamateur 50 waende kusaidia. Haya hayaanzi siku ya maafa, yanaanza na mtu aliyekwisha kufunga waya wake na kuujua.

Kwa hiyo, pa kufunga. Kuna maumbo mawili:

Mstari ulionyooka. Unahitaji vitu viwili vya kushikia vilivyoachana zaidi ya mita 20. Mwembe huku, kona ya nyumba kule.

V iliyogeuzwa. Kitu kimoja tu cha juu katikati, mikono miwili inashuka kila upande. Hii ndo inafaa viwanja vingi vya Dar. Pembe kati ya mikono isiwe chini ya nyuzi 90, ikiwa wazi zaidi ni bora.

Unaishi ghorofani Upanga au Sinza, mita 20 huna? Tengeneza ya bendi nyingine, hatua ni zile zile ila waya mfupi: 14.2 megahezi jumla mita 10.04, 21.2 jumla mita 6.7, 28.5 jumla mita 5. Hizo zitakupa mbali zaidi kuliko karibu, lakini utasikia.

Onyo la kufa na kupona: usipitishe waya juu, chini, wala karibu na nyaya za TANESCO. Jiulize, kamba ikikatika au mti ukianguka waya huu unaweza kufika kwenye ule? Kama jibu ni "labda", hama. Na upepo wa kusi unatosha kuupeperusha waya pale ambapo hukutegemea.

Pia usifunge ndani ya dari chini ya bati. Bati ni ukuta, mawimbi hayapiti. Ukipita juu ya paa la bati acha angalau mita 2.

Na mwambie jirani, mwambie na mjumbe, kabla hajaona waya. Ukishaeleza ni ya kusikilizia redio yanaisha, usipoeleza utakuwa stori ya mtaa.

## Hatua ya 3: Kata waya, mrefu kuliko hesabu

Hesabu: gawanya 142.5 kwa frikwensi ya megahezi, unapata urefu wa dipoli nzima kwa mita. Tunataka katikati ya bendi, 7.1.

142.5 ÷ 7.1 = mita 20.07. Kila mkono mita 10.03.

Kwa nini 142.5 na sio 150 wakati nusu ya 300 ni 150? Kwa sababu kwenye waya halisi wenye ncha mbili wimbi linajiona liko kwenye waya mrefu kidogo kuliko ulivyo, kwa hiyo tunapunguza asilimia 5. Na waya wenye ganda la plastiki unataka kupunguzwa tena kidogo.

Sasa pamoja na hayo yote, kata kila mkono mita 10.5. Ndiyo, mrefu kuliko hesabu. Waya mrefu unapunguzwa kwa sekunde, waya mfupi unaanza kuunga na kila kiungo ni mlango wa kutu. Ardhi yako, bati lako, ganda la waya wako, vyote vinasogeza namba, hamna anayeweza kukupa urefu kamili kutoka mbali.

Umefanikiwa: mikono miwili inayolingana, ukiinyoosha sambamba chini ncha zinafika pamoja.

## Hatua ya 4: Tengeneza katikati

Chukua kipande kimoja cha bomba la nusu inchi, toboa matundu mawili kila upande na moja katikati juu la kuningʼinizia. Pitisha ncha ya kila mkono kwenye matundu yake, irudishe ijifunge yenyewe. Mzigo wote wa kuvuta ubebwe na bomba, usibebwe na kiungo cha lehemu. Hapa ndo antena nyingi zinakufa: mtu kalehemu waya moja kwa moja kwenye koaksia ikabaki inaning'inia hapo, upepo wa mwezi mmoja ukakata.

Menya koaksia sentimita 5. Utaona kiini katikati na wavu wa nje. Sokota wavu uwe waya mmoja. Kiini kwenye mkono mmoja, wavu kwenye mkono wa pili, haijalishi upi. Lehemu mpaka risasi iyeyuke na kuingia ndani ya waya iwe inang'aa, ikiwa kama donge la uji lililokaa juu rudia.

Kisha ziba. Maji yakiingia kwenye ule wavu yananyonywa kwenda ndani mita kwa mita na kebo inaoza ukiwa huoni. Zungushia tepu ya raba, ivute wakati wa kuzungusha, halafu juu yake tepu ya umeme. Mdomo wa koaksia uangalie chini.

Pima na multimita: kutoka mkono mmoja hadi mwingine isilie. Ikilia kuna uzi wa wavu umegusa kiini, fungua.

## Hatua ya 5: Koili ya kuzuia mawimbi

Bila hii, nje ya wavu wa koaksia panageuka mkono wa tatu wa antena, na mkono huo unapita ndani kwako karibu na zile chaja za hatua ya 1. Unazoa kelele upya baada ya kazi yote ile.

Sentimita chache chini ya katikati, zungusha koaksia kwenye bomba la inchi 4, mizunguko 14 hivi iliyobanana upande kwa upande, itameza kama mita 5. Toboa bomba uipitishe mwanzo na mwisho, funga na klipu. Usiirundike ovyo kama kamba ya ndoo, mzunguko wa kwanza ukilala juu ya wa mwisho koili inapoteza kazi.

Ni nzito kidogo, kwa hiyo ifunge kwenye ile kamba ya kuningʼinizia, isivute kiungo.

## Hatua ya 6: Pandisha

Manati inaingia hapa. Funga risasi ya wavuvi kwenye mshipi, mshipi uwe umelegea chini haujajikunja, lenga juu ya tawi, piga. Ikishapita unatumia mshipi kuvuta kamba, kamba inavuta antena. Hakikisha upande wa pili hamna mtu, hamna gari, hamna kioo cha jirani. Usipande mnazi kwa ajili ya redio.

Ncha za nje: kila mkono unafungwa kwenye kipande cha bomba, kutoka kwenye bomba ndo kamba inaendelea. Waya usiguse majani wala ukuta.

Ile sentimita 40 na ushee iliyozidi usiikate sasa. Ikunje irudi nyuma juu ya waya wenyewe na uibane kwa klipu.

Ncha zikae juu ya kichwa cha mtu, mita 2.5 kwenda juu. Siku ukianza kurusha, ncha ndo penye volti kubwa kuliko kote na zinaunguza. Watoto wanacheza uani.

Usikaze kama gita. Miti inayumba, acha waya ulegee kidogo. Koaksia inapoingia dirishani ipinde kwanza ishuke chini ya dirisha halafu ipande kuingia, mvua idondokee nje isiteremke na kebo mpaka kwenye redio.

## Hatua ya 7: Pima, punguza, pima

Unayesikiliza tu unaweza kuruka, ila ukipata NanoVNA ya kuazima ifanye.

Kalibrisha kwanza na vile vifuniko vitatu inavyokuja navyo. Usipokalibrisha namba zote ni hadithi. Weka ipime kuanzia 6 mpaka 8 megahezi, tafuta pale SWR inaposhuka chini kabisa. Hapo ndo antena yako inaitikia.

Mara nyingi itakuwa chini ya 7.1, kwa sababu ganda la plastiki linataka waya upunguzwe zaidi ya hesabu. Tuseme imeitikia 6.85. Unataka kupanda kilohezi 250. Kanuni ya bendi hii: ukipunguza sentimita 14 kila mkono unapanda kama kilohezi 100. Kwa hiyo 250 ni sentimita 35 kila mkono. Usifanye zote mara moja, punguza 25 kwanza, pandisha, pima, ndo umalizie.

Punguza sawa pande zote mbili. Na pima ikiwa imeshapanda juu, ukipima imeshuka chini ardhi inakudanganya.

Umefanikiwa ukipata SWR chini ya 2 sehemu kubwa ya 7.000 mpaka 7.200, ikiwa 1.5 au chini pale katikati ni safi sana, usiendelee kukatakata ukitafuta 1.0, hamna atakayesikia tofauti. Kama SWR iko juu kila mahali haina bonde kabisa, hiyo sio urefu, ni kiungo kimekatika au konekta imeshot. Rudi hatua ya 4.

## Hatua ya 8: Sikiliza, kwa saa yake

Hapa tena watu wanafeli kwa kusikiliza saa mbaya.

Mchana mita 40 ni ya karibu, na sehemu hii ya Afrika watu hewani ni wachache, unaweza kukaa saa nzima kimya na antena ni nzima kabisa. Anza baada ya magharibi, saa moja na nusu usiku kuendelea. Modi LSB, tembea taratibu kutoka 7.050 hadi 7.200, kwa hatua za kilohezi moja. Ukisikia sauti ya kukwaruza geuza kidogo kidogo mpaka iwe ya binadamu.

Kipimo cha haraka: panda juu ya 7.200, weka AM. Huko ni vituo vya matangazo. Usiku ukikuta patupu huko nako, tatizo ni antena au konekta, sio bendi.

Kipimo cha pili mi ndo nnachokiamini zaidi. Dipoli ya mita 40 inaitikia pia karibu na 21 megahezi, maana ni mara tatu ya 7. Jioni ya saa kumi hivi nenda 21.150, modi ya CW (ya kusikilizia Mosi, yaani Morse, nukta na mistari). Kuna mtandao wa vituo 18 duniani vinavyopokezana frikwensi hiyo moja, kila kimoja sekunde 10, mzunguko mzima dakika 3. Kila kituo kinapiga jina lake kwa Mosi halafu mistari minne mirefu: wa kwanza wati 100, wa pili 10, wa tatu 1, wa nne moja ya kumi ya wati. Hesabu unasikia mistari mingapi. Ukisikia miwili kutoka ZS6DN wa Afrika Kusini au 4X6TU wa Israeli, antena yako inafanya kazi na hamna mtu atakayekubishia.

Usishangae usipomsikia 5Z4B wa Kenya. Nairobi iko karibu mno kwa bendi hiyo, mawimbi yanaturuka juu ya kichwa.

## Hatua ya 9: Acha laptop isikilize

Pakua WSJT-X, programu ya bure inayosoma FT8, yaani meseji fupi za kidijitali za maamateur. Redio 7.074, modi ya USB (SSB ya upande wa juu, sio tundu la USB; ndiyo, hata kwenye bendi hii tunayotumia LSB kwa sauti, FT8 ndivyo ilivyo). Sauti ya redio iingie kwenye laptop. Saa ya laptop iwe sahihi ndani ya sekunde moja, FT8 inakwenda kwa vipande vya sekunde 15 na saa ikiwa imekosea utaona mistari inapita kwenye skrini bila neno hata moja kusomeka. Asilimia kubwa ya "haidikodi" ni saa.

Kwenye sehemu ya lokesheni andika KI93, ndo mraba wa Dar. Iache usiku mzima. Asubuhi unasoma orodha ya nchi ulizosikia ukiwa umelala, na hiyo orodha ndo utamwonyesha jirani atakayesema waya wako ni kamba ya kuanikia nguo.

## Hatua ya 10: Leseni, radi na chumvi

Ukishakuwa unasikia vizuri ndo nenda TCRA, pale Mawasiliano Towers barabara ya Sam Nujoma, ulizia leseni ya redio za amateur. Ishara ya wito utakayopewa itaanza na 5H. Ulizia kabla ya kuagiza redio inayorusha, sio baada, usije ukaanza kubishana forodhani. Ukipewa: hamna biashara hewani, hamna kuficha maneno kwa lugha ya siri, na unataja ishara yako. Mwanzo rusha kwa wati 10 au 20, tazama SWR, ndo uongeze. Kumbuka 14.300 na 7.110 ndo frikwensi za kukutania wakati wa dharura, ukisikia watu wanafanya kazi ya maafa hapo nyamaza, sikiliza, ingia ukiitwa tu.

Radi. Masika na vuli ukiona wingu linajenga, chomoa koaksia kwenye redio na uitoe nje ya dirisha kabisa, usiiache imelala sakafuni sebuleni. Kama ngurumo imeshaanza umechelewa, usiiguse, kaa mbali nayo. Usiku unapolala chomoa tu iwe mazoea.

Chumvi. Ukiwa Msasani, Kigamboni au popote unaposikia bahari, konekta ya nje ikiachwa wazi inageuka kijani mapema sana. Kila masika yakiisha shusha antena, fungua tepu ya konekta moja, angalia. Shaba ikiwa imeng'aa funga upya kwa tepu mpya ya raba. Ikiwa nyeusi au kijani kata sentimita 10 za koaksia mpaka ufike kwenye wavu msafi, weka konekta mpya, na zile kamba za nailoni zilizokauka na jua badilisha siku hiyo hiyo ukiwa bado una ngazi.